Moshi wa Mama Linet

Alhamisi, 27 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Kioo cha kibanda nimekifuta mara tatu, na mara zote tatu kimegeuka cheusi kabla sijakunja kitambaa. Si vumbi, si matope. Ni moshi wa Damaris, mama Linet. Kuni zake zimelowa, naye hataki kungoja zikauke. Anazisukuma tu chini ya karai na kupuliza. Ukuta wetu ni bati moja: yeye upande ule na viazi karai vyake, mimi upande huu na makava ya simu.

"Mama Linet," nikamwambia, "huo moshi utatuua. Mimi nauza vitu vya simu, siuzi samaki wa kubanika."

"Kahaso, wewe hata kukicha utalalamika kumekucha mapema," akanijibu, akanifungia viazi vitatu kwenye gazeti.

Nikavila. Ukwaju ulikuwa umekolea. Lakini neno langu ni lile lile.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Makava yenye mapambo yameisha yote. Moshi, kama kawaida.

Jumatano, 2 Aprili

Waitaliano wameanza kurudi kwao na mahoteli yanapunguza wafanyakazi. Kila mwaka ni hivi. Aprili hadi Juni Malindi inalala, na mwenye kibanda ama abuni jambo au alale nayo. Mimi sikulelewa kulala. Nilitoka Tezo nikiwa na miaka kumi na minne, nikafagia duka la manukato la Rasik, nikalala chini ya meza ya duka hilo hilo. Leo kibanda ni changu, bati ni langu, kufuli ni langu. Sijapata kukifunga siku ya kazi ila ile niliyomzika mama, na hata siku hiyo saa tisa kilikuwa wazi. Kaka zangu waligawana minazi ya baba; mimi nikaambiwa nitaolewa. Haya.

Tangu mwaka jana nauza vepu, vile vijiti vya kuvuta mvuke wenye ladha ya embe au mnanaa. Ndirangu huniletea kutoka Mombasa. Kikiisha, kijana anakitupa. Shida ni bei. Leo Kazungu wa bodaboda kaja na vitatu vilivyokwisha, kavimwaga mezani kwangu kama mtu aliyekuja kushtaki.

"Anti, hivi havijazwi? Mbona kibiriti cha gesi hujazwa?"

Swali la maana. Ni nani hapa mjini anayetupa chupa ya marashi kwa kuwa imeisha? Nimempigia Ndirangu. Anasema zipo vepu za kujazwa, na maji yake huuzwa kwa mtungi, yasiyo na ladha. Ladha ujitafutie.

Ladha! Mimi?

Ijumaa, 11 Aprili

Mtungi umefika. Nikaenda kwa Rasik. Mamake, Motiben, bado anakaa kwenye kiti chake karibu na mizani. Macho yamepungua lakini pua ni ile ile iliyonifundisha kazi: waridi litangulie, hiliki ifuate, udi uje mwisho na usiulizwe umetoka wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kahaso. Umepaka sabuni ya bei rahisi leo."

"Biashara mbaya, mama. Nipe mafuta ya waridi, na ya hiliki, na udi kidogo."

"Ya kupaka au ya kula?"

Huuliza hivyo kila mteja, kwa kuwa rafu ni mbili. Nikasema ya kupaka, maana ya kupaka ndiyo yenye harufu inayokaa. Akaridhika. Ya kupaka au ya kula. Jibu la tatu hakulijua, nami sikumwambia.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimechanganya chupa za kwanza. Nilijaribu kuvuta mwenyewe, nikakohoa mpaka machozi. Linet, binti wa Damaris, akacheka akashika meza. Ana miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, Septemba anakwenda chuo cha ualimu. Kwa sasa hunisaidia kubandika vioo vya simu. Ana mkono mtulivu, habakishi hata kiputo kimoja cha hewa.

"Nipe mimi, anti. Wewe una kifua cha kizee."

Akavuta waridi, akavuta hiliki, akavuta udi. Akafumba macho. "Waridi ndilo lenyewe. Ni kama umevuta harusi nzima."

Basi nimepata mwonjaji. Mpishi huonja mchuzi. Mimi mchuzi wangu utaonjwa na Linet.

Mafuta hayakubali kuchanganyika, yanaelea juu. Nimebandika kikaratasi kwenye kila chupa: TIKISA KWANZA. Shida imekwisha.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Chupa kumi na moja.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka imenitazama kwa jicho zuri. Kazungu amewaambia bodaboda wote wa stendi yake. Wanakaa chini ya turubai wakingoja mvua ipite, kila mmoja na wingu lake. Wanauliza kama ina madhara. Nawaambia ni mvuke tu, sufuria nayo hutoa mvuke. Linet nimempa vepu yake mwenyewe, ya zambarau, bila malipo. Anaonja kila mchanganyiko mpya. Anastahili.

Jumanne, 29 Aprili

Linet anakohoa. Nikamwambia Damaris mbele ya wateja wake: "Unamwona mwanao? Huo moshi wako huo." Akanyamaza, akageuza viazi. Sina haja ya kudanganya hapa: ilinipendeza kidogo kumwona amenyamaza.

Alhamisi, 8 Mei

Kutoka bombani hadi hapa si mbali, mtu hata wimbo haumalizi. Linet leo ametua ndoo mara tatu. Nilimwona kupitia sehemu ya kioo isiyo na masizi. Alisimama mkono kiunoni, mdomo wazi, kama aliyekimbizwa.

"Una nini wewe?"

"Mafua tu, anti."

Kituo cha afya wamempa dawa za nimonia. Vepu ya zambarau ilikuwa mfukoni mwake. Niliona umbo lake. Nikaona, nikarudi kwenye kazi yangu.

Jumanne, 13 Mei

Mvua kutwa. Linet hajaja.

Jumatatu, 19 Mei

Nataka kuandika ya leo kama yalivyokuwa.

Asubuhi Damaris alikuja upande wangu. Si kawaida yake. Sisi huongea kupitia bati. Akakaa kwenye stuli ya wateja. Linet ana homa, akasema, analowesha shuka kwa jasho, sketi haikai kiunoni. Wamempima kifua kikuu, hana. Dawa za nimonia amemaliza, hazikufanya kitu.

"Kahaso," akasema, "wewe ni mtu wa kupima mambo. Niambie kweli. Ni moshi wangu?"

Mtungi wa Ndirangu ulikuwa chini ya meza, goti langu limeugusa. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema muulize Linet mfukoni ana nini. Nikasema:

"Watoto wanaokulia kwenye moshi huwa hivyo, mama Linet."

Si uongo. Nimesoma mahali. Ndivyo nilivyojiambia maneno yalipokuwa bado mdomoni.

Hakulia. Aliinuka, akaenda upande wake, akachukua ndoo ya kuoshea viazi akaumwagia moto maji yake. Mafuta yalikuwa tayari yamechemka. Viazi vya siku nzima vilikuwa vimemenywa. Jiko likapiga kelele, mvuke ukapanda juu ya bati, kisha kukawa kimya. Akachukua kuni zilizobaki, akazitupa mtaroni moja moja.

Wateja wake wakamuuliza vipi. Akasema, "Nimeacha."

Jumanne, 20 Mei

Kioo changu leo ni safi. Nimekifuta asubuhi na mpaka jioni ni safi. Naona barabara yote hadi stendi ya tuktuk. Miaka sita nimelilia kioo hiki.

Mchana sikula. Hakukuwa na viazi.

Jumamosi, 24 Mei

Damaris alinigongea alfajiri. Linet ameshindwa kumaliza hata sentensi. Tukampakia tuktuk, mimi nikakaa upande wa mvua. Kibanda nilimwachia jirani wa mbele; sikukifunga.

Hospitali wakambana kidole kwa kile kidude chenye nambari, kinachopima oksijeni. Themanini na nne. Mimi nambari nazielewa. Sikuhitaji muuguzi aniambie ilipaswa kuwa ngapi. Niliiona kwenye namna alivyoacha kuongea na mwenzake na kukimbilia oksijeni.

Daktari ni binti mdogo, jina lake Cherop, Kiswahili chake cha bara lakini hababaiki. Alituonyesha picha ya kifua. Mahali palipopaswa kuwa peusi palikuwa na ukungu mweupe, kushoto na kulia, kama kioo cha gari asubuhi ya baridi.

"Linet, unavuta sigara?"

Kutikisa kichwa. Hapana.

"Bangi? Shisha? Vepu?"

Damaris akaingilia: "Daktari, mwanangu hata soda haitaki. Ni mimi. Nakaanga viazi kwa kuni tangu akiwa mgongoni."

Linet akanitazama mimi juu ya ile barakoa ya oksijeni. Hakumtazama mamake. Kisha akatikisa kichwa tena.

Ananilinda. Mtoto asiyepata pumzi ananilinda mimi.

Nikatoka nje kununua maji ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Jumatatu, 26 Mei

Nimepiga hesabu. Waliovuta chupa zangu hawapungui sitini. Aliyelazwa ni mmoja. Mmoja kwa sitini. Ingekuwa ni chupa, wangelazwa wote. Kazungu mbona anabeba abiria wawili na gunia? Kwa hiyo si chupa.

Nimeipiga tena jioni. Jibu ni lile lile, lakini safari hii nikakumbuka jambo ambalo hesabu haikuliweka: hao sitini kila mmoja huvuta chupa yake. Linet amevuta zote. Kila nilichochanganya kilipita kwake kwanza.

Jumatano, 28 Mei

Leo nimemwaga chupa moja ya waridi kwenye bakuli na kuiacha itulie. Baada ya muda mafuta yakajikusanya juu, duara la manjano. Nikachovya kidole, nikagusa kioo changu kisafi. Nikafuta kwa kitambaa. Hayakutoka, yalienea. Nikafuta tena, yakaenea zaidi. Ilibidi sabuni na maji moto, na bado ukisimama kwa pembeni unaona alama.

Nikakaa nikaitazama ile alama. Kile kikaratasi cha TIKISA KWANZA niliandika mimi. Niliyaona mafuta. Sikuuliza yakishaingia yatatokea wapi. Nilitaka tu mteja asiyaone.

Kifuani huingizi sabuni.

Alhamisi, 29 Mei

Nilikwenda na mfuko: mtungi, chupa tatu za ladha, vepu moja. Daktari Cherop alikuwa anakunywa chai kwa kusimama. Nikavipanga mezani kwake kama navipanga dukani.

"Ni mimi nilimpa," nikasema. "Haya ni mafuta ya marashi. Ya kupaka."

Aliinusa chupa. Akafumba macho kidogo, nikadhani anafurahia harufu, kumbe anajizuia. "Ameanza lini?"

"Aprili kumi na mbili."

"Kila siku?"

"Alikuwa ananionjea."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Akavuta karatasi akachora mti ulioinamishwa kichwa chini, na kwenye ncha za matawi vifuko vidogo. "Hapa ndipo hewa inapoingia damuni. Mafuta yakifika hapa hayana mlango wa kutokea. Mwili unapigana nayo, na vita yenyewe ndiyo inayoziba njia. Tumekuwa tukitibu wadudu ambao hawapo. Sasa najua cha kumpa. Ungekuja Jumamosi, ningejua Jumamosi."

Jumamosi hadi Alhamisi. Hakuitaja hesabu; aliniachia.

Nikamuuliza, kwa kuwa bado mimi ni mimi: "Na zile za Ndirangu zilizofungwa, zisizo na mafuta? Zile hazina neno?"

Akaweka kikombe chini. "Mama, nina vijana wawili wodini ambao hawajaona chupa yako. Wanavuta hizo hizo za dukani. Mmoja ana miaka ishirini na anapumua kama babu yake. Si mvuke wa sufuria. Ni kemikali zilizochomwa, na nikotini inayomrudisha kila baada ya dakika kumi. Mapafu ya mtu yanaendelea kukomaa hata baada ya miaka ishirini. Usijipe nafuu kwamba kosa ni mafuta peke yake."

"Na moshi wa kuni?"

"Moshi si mzuri kwa yeyote. Lakini hiki si moshi."

Damaris alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, kanga juu ya mabega. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Kukaa karibu naye sikuthubutu. Nilisema yote: mtungi, waridi, kuonja, ile vepu ya zambarau, na swali lake la asubuhi ile na jibu langu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Uliniona nikimwagia moto maji?"

"Nilikuona."

"Ukiwa unajua."

"Nilikuwa nashuku."

"Wewe si mtu wa kushuku, Kahaso. Wewe ni mtu wa kupima." Akavuta kanga. "Siku kumi nalala nikimwomba mwanangu msamaha kwa kosa lako. Nenda."

Nikaenda.

Jumatatu, 2 Juni

Afisa wa afya amekuja, amechukua vepu zote na mtungi. Nimeandikiwa kufika mbele yao mwezi ujao. Sikubishana. Wenye vibanda vya jirani walisimama kutazama, na wapo waliofurahi. Ningekuwa wao nami ningefurahi.

Nimempigia Ndirangu asilete tena. Akasema nimechanganyikiwa, vijana watanunua kwingine. Pengine. Lakini si kwa mkono wangu.

Jumatano, 4 Juni

Tangu juzi namwambia kila kijana anayepita arudishe chupa zangu, ni sumu. Wanacheka. Mmoja kasema: "Anti sasa ameokoka!" Hakuna aliyerudisha hata moja. Mauzo yale sikuyaandika jina la mtu, ili pasiwe na wa kuniuliza. Sasa nazijua chupa na siwajui watu.

Nimewaza kutwa. Onyo haliwatoi. Mimi mwenyewe onyo halikuwahi kunitoa mahali. Nimeandika kwa kalamu nene na kubandika kwenye kioo: LETA CHUPA YANGU YA LADHA, IWE IMEJAA AU TUPU, UBANDIKIWE KIOO CHA SIMU BURE.

Ijumaa, 6 Juni

Foleni.

Jumanne, 10 Juni

Nabandika mwenyewe, na mkono wangu si wa Linet. Viputo vinabaki, wananicheka. Chupa zinarudi. Mwanzoni niliziweka pamoja, sasa nimezitenga masanduku mawili. Ikija imejaa nashukuru, namwaga. Zinazonitisha ni tupu. Tupu maana yake iko ndani ya mtu. Kila anayeleta tupu nampa kioo, kisha namuuliza: unakohoa? ngazi unapanda? usiku unatoka jasho? Wananiita daktari wa makava. Nimewapeleka wawili kwa Cherop. Mmoja hana kitu. Mwingine amepewa dawa na kuambiwa ashukuru amewahi.

Ijumaa, 13 Juni

Motiben kasikia. Mjini hakuna lisilofika puani mwake. Nikaenda kumwamkia, hakuitikia shikamoo yangu mara moja. "Nilikuuliza," akasema. "Rafu mbili. Ungesema neno, ningekuambia." Kisha: "Marahaba." Rasik alijifanya anapima hiliki.

Alhamisi, 19 Juni

Linet ameruhusiwa. Nambari tisini na tatu. Daktari anasema zitapanda, ila pengine si zote, na kwenye picha kuna michirizi ambayo huenda ikabaki. Chuo ni Septemba. Atakwenda, anasema, hata kama ni kwa kupumzika kila darasa.

Nilimwona akishuka tuktuk. Kutoka barabarani hadi kwa mamake alisimama mara mbili. Mara ya pili alisimama mbele ya kioo changu, akasoma tangazo.

"Anti, umebandika upande. Na hivi vioo unavyowabandikia watu ni aibu."

"Njoo unisahihishe."

"Nikipata pumzi."

Damaris akamshika mkono, wakapita. Hakunitazama.

Jumatatu, 23 Juni

Damaris amewasha moto. Amenunua jiko la makaa, la kisasa, lakini makaa yana unyevu na moshi uko. Kioo kimekuwa cheusi kufikia saa tano. Nimekifuta. Sikusema kitu. Viazi hajanipa, nami siendi kununua, nitakula vipi?

Alhamisi, 3 Julai

Mvua imeisha, kusi inapuliza, moshi wote unaingia kwangu. Vizuri.

Saa nne kasoro alikuja Kazungu. Mwezi mzima sikumwona. Wanasema alikuwa kwao Mambrui. Aliegesha pikipiki, akashusha mfuko wa plastiki mezani. Chupa tisa. Nikaziinua moja moja kwenye mwanga. Tupu, tupu, tupu. Zote tisa.

"Vioo tisa, anti!" akasema. "Nitawauzia stendi."

"Hizi zote umevuta wewe?"

"Kwani nimgawie nani waridi? Ile kitu ilikuwa tamu. Ukipata nyingine nifichie moja chini ya meza," na akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani, akainama, akashika kiti cha pikipiki na mkono mwingine akaweka kifuani. Alikohoa mpaka watu wa foleni wakageuka. Alipoinuka alikuwa na jasho usoni, na asubuhi ilikuwa na upepo.

"Vumbi," akasema. Akajaribu kuendelea na sentensi, ikamkatikia kati.

Nilisimama na chupa mkononi. Nilikuwa nahesabu: nani aite tuktuk, nani abaki na kibanda, foleni ni ya watu wangapi. Kule upande wa bati kelele ya mafuta ilikatika. Damaris alikuwa amenyanyua karai. Akatokeza kichwa. Tangu lile benchi la hospitali hajaniambia neno.

"Unangoja nini?" akasema.

Nikashusha bati la mbele, nikatia kufuli, nikamshika Kazungu mkono twende kwa Cherop. Jua lilikuwa halijafika juu ya mabati, na wanaotaka vioo vya bure walikuwa bado wamejipanga.